Gari la Torfi Linabugia Mafuta

Hallbera alikuwa na dharau, na hakuificha. Wengine huifunika dharau yao kwa tabasamu, wakaja kuifungulia nyumbani mbele ya mume na watoto. Yeye aliivaa asubuhi pamoja na ovaroli lake, na siku nyingine alilala nayo. Aliwadharau wanaonunua gari lililokwisha inuliwa, wakaendesha kifua mbele kana kwamba wameliinua wenyewe. Aliwadharau wanaomimina chupa za dawa kwenye tangi la dizeli wakitumaini injini itapona kama mtoto mwenye kikohozi. Watu wa mji mkuu aliwadharau wote kwa jumla, bila kumbagua mtu. Na juu ya hao wote, kwenye kiti cha mbele kabisa, alimweka shemeji yake Torfi.

Watu wa Brekkuvik walimvumilia kwa sababu ya mikono yake. Katika kijiji kile cha watu mia nne, kilichobanwa kati ya bahari na mlima wenye barafu kichwani, hakuna aliyejua kuinua gari kama Hallbera. Unampelekea gari la kawaida, la kupelekea watoto shule. Baada ya wiki sita unalichukua likiwa limekatwa madigadi, bodi imepandishwa, gia za difu zimebadilishwa, na chini yake zimekaa tairi zinazomfika mtu kiunoni. Gari hilo sasa linapita juu ya theluji ambayo wewe ukiikanyaga kwa miguu unazama. Na siri yake si kubwa, ni upepo tu. Ukifika kwenye theluji unatoa upepo tairini mpaka zilale na kutanuka, gari lielee. Ukirudi kwenye lami unasimama pembeni, unatoa kompresa, unajaza tena gurudumu moja baada ya jingine, nusu saa nzima, hata kama mvua inapiga kwa ubavu. Hilo mtoto wa darasa la kwanza analijua. Ndiyo maana pale mtu akiona gari limeshuka na tairi zimebonyea hujua kwamba mwenyewe ametoka barafuni sasa hivi, hata kituo cha kujazia hajakifikia, na humtazama kwa heshima kidogo.

Hallbera alizaliwa shambani, bonde la juu, mtoto wa tatu kati ya watano na wa kwanza kukataa kondoo. Alipokuwa na miaka tisa baba yake alimkuta amelala chini ya trekta na spana mkononi. Akamwuliza anatafuta nini. Mtoto akajibu kwamba trekta linadanganya. Na kweli lilikuwa linadanganya: geji ilionyesha nusu tangi wakati tangi ni kavu. Baba akamwacha hapo hapo chini, na tunaweza kusema hajatoka hadi leo, naye ana miaka hamsini na minane. Aliolewa na Grimur, kaka yake Torfi, mwanamume mwenye sura nzuri na asiye na kingine. Grimur akaenda Norwe kwa kazi ya miezi mitatu, akapata mwanamke mwenye nyumba na boti, akabaki. Kila Krismasi hutuma kadi. Kadi hizo ni ngumu kiasi, na Hallbera huzikunja zikawa faneli ya kumiminia oili.

Mume akaenda, shemeji akabaki. Torfi alikuwa na miaka sitini na miwili, dereva mstaafu wa basi la shule, na kwa miaka thelathini alikuwa mtu wa kikosi cha uokoaji, wale wanaojitolea kwenda kutafuta waliopotea mlimani. Alikuwa na jaketi la kikosi la rangi ya machungwa, na alilivaa dukani, kwenye mazishi, na mara moja kwenye harusi ya binti yake mwenyewe. Debe tupu haliachi kuvuma, na Torfi alivuma. Hadithi zake za barafuni watu walizijua kwa moyo, pamoja na mahali pa kucheka.

Mwaka huo kikosi kilikuwa kimenunua gari jipya kwa fedha za fataki wanazouza kila mwisho wa mwaka, na lilikuwa bado halijainuliwa. Ama lingekuja kwa Hallbera, ama lingepelekwa gereji kubwa ya mji mkuu. Kwa Hallbera jambo hilo halikuwa dogo. Vijana siku hizi hununua magari yaliyokwisha inuliwa, na tangu Krismasi alikuwa amepata gari moja tu, nalo lilikuwa la Torfi, aliyetaka gia mpya za difu. Asipopata la kikosi, gereji ingefungwa kabla ya msimu wa kukusanya kondoo, naye angekwenda kupanga samaki kiwandani, chini ya msimamizi ambaye yeye Hallbera aliwahi kumwona akifunga nati kwa koleo. Kikao cha kupiga kura kilikuwa Alhamisi.

Jumatatu asubuhi Hallbera aliingia kwenye kidimbwi cha maji ya moto cha bwawa la kijiji, kama kila mtu pale anavyofanya kabla ya kazi. Ndani alimkuta Ketill, mzee wa miaka themanini, tarishi mstaafu, ambaye sasa hupika kahawa ya kikosi na kusambaza habari bila stempu. Maji yalikuwa yamemfika kidevuni.

"Hallbera, umesikia?"

"Sijasikia, na sitaki."

"Gari la Torfi linabugia mafuta."

"Limemwiga mwenyewe. Sogeza mguu wako."

"Usicheke, mama. Anasema zamani lilikuwa linakula lita kumi na saba kwa kilomita mia. Tangu ulitengenezee zile gia, linakwenda ishirini na sita, ishirini na saba. Anasema hesabu ya gia umeikosea."

Hallbera hakucheka tena. "Anasema wapi?"

"Bora uniulize ni wapi hajasema. Dukani kasema, kituo cha mafuta kasema. Jana kasema hapa hapa, ulipokaa wewe."

Hallbera alisogea kidogo, kana kwamba pale pamechafuliwa. "Tangu lini?"

"Mwezi sasa. Tulidhani unajua." Ketill alijimwagia maji kichwani. "Na kikao ni Alhamisi."

Alitoka majini kabla mwili haujapata moto. Mwezi mzima! Mwezi mzima watu walikuwa wakimsalimu, wakimwuliza habari za mgongo wake, na nyuma yake gia zake zinasemwa. Katika mji mkubwa fundi akisemwa vibaya huhamia mtaa wa pili. Brekkuvik haina mtaa wa pili.

Akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Torfi, nywele bado zinachuruzika.

"Shemeji!" Torfi alifungua mlango akiwa na jaketi. "Karibu kahawa."

"Sikuja kunywa. Nasikia gari lako linakunywa kwa niaba yetu sote. Nipe funguo."

Uso wa Torfi ulibadilika kidogo. "Funguo za nini? Nitakuletea mwenyewe. Nipe saa moja."

"Saa moja ya nini?"

"Nina vitu vyangu ndani, bwana. Saa moja tu."

Alilileta baada ya saa moja na nusu, limeoshwa, tairi ngumu kama ngoma. Hallbera alifikiri ameliosha kwa aibu, akamdharau kwa hilo pia.

Siku mbili alikaa na lile gari, na simu hakupokea. Alianza na vitu vidogo, maana fundi anayeanzia injini ni sawa na daktari anayeanzia kisu. Chujio la hewa lilikuwa safi. Mipira ya mafuta haikuvuja popote. Alitoa nozeli zote, akazijaribu moja moja, na kila moja ilitema dizeli kama ukungu, bila tone. Alilipandisha kwenye jeki na kuzungusha kila gurudumu kwa mkono, yote yakazunguka bila kushika. Aliliendesha kilomita tano bila kukanyaga breki, akasimama, akashuka na kugusa katikati ya kila gurudumu kwa kiganja, kutafuta breki inayong'ang'ania. Yote yalikuwa na joto moja.

Basi zikabaki gia. Alifungua difu na kuhesabu meno kwa kidole, arobaini na moja kwa tisa. Akahesabu tena. Akahesabu mara ya tatu, na hilo lilimkasirisha kuliko yote, kwamba maneno ya Torfi, mtu asiyejua difu na sufuria, yamemfanya ahesabu kazi yake mara tatu kama mwanafunzi. Meno yalikuwa arobaini na moja kwa tisa, kama inavyotakiwa.

Likabaki jambo moja. Tairi kubwa huifanya mita ya gari ihesabu kilomita pungufu, na mtu akipiga hesabu kwa mita hiyo huona gari linakula zaidi kuliko linavyokula. Hallbera mwenyewe ndiye aliyeirekebisha. Hata hivyo alilipeleka kwenye barabara ya pwani, ambako vigingi vya njano vimesimama pembeni kila baada ya mita hamsini, akaendesha akihesabu vigingi kwa sauti, mia mbili vizima. Mita ilisema kilomita kumi. Akajaza tangi hadi shingoni, akaenda mpaka daraja la mto mkubwa na kurudi, kilomita mia na kidogo, akajaza tena. Zikaingia lita kumi na sita na nusu.

Alimpigia Torfi papo hapo kituoni, bomba la dizeli bado limo mkononi.

"Gari lako linakula kumi na sita na nusu."

"Haiwezekani. Kwangu linakula ishirini na sita."

"Basi hizo zinazobaki unakunywa wewe."

"Hallbera, mimi nimeendesha miaka thelathini." Sauti ya Torfi ilikuwa ya upole, ule upole wa kumwambia mtoto. "Labda kuna kitu hukukiona. Si kosa lako. Kule mji mkuu wanachomeka kompyuta, inasema yote."

Hallbera alikata simu. Kama Torfi angekuwa mbele yake wakati ule, bomba lile la dizeli lingepata kazi nyingine.

Jumatano asubuhi, kabla ya kulirudisha, alitoa gurudumu la nyuma ili atazame beringi, ingawa alijua haina shida. Aliliviringisha kuelekea mlangoni, kwenye mwanga, na hapo akaona ubavu wa tairi. Kulikuwa na alama ya kuchakaa iliyozunguka tairi yote, kama ukosi wa shati uliosuguliwa na shingo. Akatoa la pili, nalo lile lile. Akaivua tairi kwenye ringi na kuingiza mkono ndani. Ulitoka na unga mweusi, konzi nzima.

Hallbera aliketi juu ya kreti. Unga ule haukuhitaji kompyuta. Tairi ikiendeshwa bila upepo kwenye theluji haiumii, maana theluji ni laini. Ikiendeshwa bila upepo kwenye lami hujikunja, hujisaga yenyewe ndani, na kulivuta gari nyuma mpaka injini inywe kama ng'ombe wa kiangazi. Gari la Torfi lilikuwa limeendeshwa hivyo siku moja baada ya nyingine. Akajaribu kompresa, akidhani labda imekufa na mzee anaona haya kusema. Ilijaza tairi bila taabu. Kwa hiyo upepo alikuwa nao, ila hautii, na juzi aliutia katika ile saa moja na nusu kabla ya kuja gereji. Lakini kwa nini? Mtu aliyewafundisha vijana wote wa kikosi kujaza upepo, aendeshe tairi zimelala?

Akalirudishia tairi zake, akampa Torfi funguo, akasema hajaona kitu. Kisha akapanda kigari chake na kumfuata kwa mbali.

Torfi alishika njia ya mlimani. Njia hiyo ilikuwa imefungwa kwa mnyororo tangu Pasaka, kwa sababu theluji ikiyeyuka udongo huwa uji na magari huuharibu. Mnyororo uko kilomita thelathini kutoka kijijini, mahali pa mawe na upepo. Hallbera aliacha kigari nyuma ya ukuta wa zizi la zamani, akachungulia.

Torfi alisimama mbele ya mnyororo. Akashuka na jaketi lake. Akaenda gurudumu moja baada ya jingine, akichuchumaa, akitoa upepo, na sauti ile ya nyoka ilimfikia Hallbera pale alipo. Kisha akarudi ndani ya gari. Akamimina kahawa kutoka kwenye chupa. Akala mkate na nyama ya kondoo ya kukaushwa kwa moshi. Akasoma gazeti, ukurasa kwa ukurasa, hata matangazo ya vifo. Saa moja na nusu! Mwishowe akashuka tena, akachukua koleo, akakomba mabaki ya theluji chafu kwenye mtaro, na kuyarusha juu ya boneti ya gari lake. Akarudi nyuma hatua mbili kutazama. Akaongeza kidogo upande wa taa.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Hallbera, aliyedhani amekwisha kuona kila aina ya upumbavu unaoweza kuvaa jaketi, alishika ukuta wa mawe na kucheka bila sauti, na kicheko kilipokwisha ikabaki hasira. Kwa ajili ya hiki jina lake linasemwa! Kwa mzee anayejimwagia theluji ya mtaroni!

Alimkuta kituo cha mafuta. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya dirisha, tairi zimebonyea, maji ya theluji yanadondoka, na watalii wawili wanalipiga picha. Torfi alikuwa ndani, anakula soseji yenye kitunguu cha kukaanga.

"Kukoje juu?" binti wa kaunta alikuwa akimwuliza.

"Nzito," Torfi alisema. "Nimepitia njia ya mashariki. Theluji hadi kwenye kioo."

"Torfi," Hallbera alisema kutoka mlangoni. "Njoo nje."

Alimpeleka upande wa nyuma, penye mitungi ya gesi. Akafungua kiganja, bado cheusi kwa ule unga.

"Unajua hiki ni nini?"

Torfi alitazama kiganja.

"Nilikuwa nyuma ya zizi. Nimekuona tangu kutoa upepo mpaka koleo. Ukurasa wa vifo umeusoma mara mbili. Ulikuwa unajitafuta?"

Soseji ilibaki mkononi mwa Torfi, ikidondosha mchuzi. Alizeeka pale pale. "Umemwambia nani?"

"Nijibu kwanza. Kwa nini?"

Torfi akaeleza. Alisema kwamba mwaka juzi, barafuni, ufa ulifunguka chini ya magurudumu yake ya nyuma. Dakika ishirini gari lilining'inia, na yeye ndani, hathubutu kupumua kwa nguvu, mpaka wenzake wakamvuta kwa kamba. Alitoka bila mkwaruzo. Lakini tangu siku hiyo, magurudumu yakigusa theluji, mikono yake hukataa. "Naiambia geuza usukani, haigeuzi. Nimejaribu peke yangu mara nyingi. Naishia pale mnyororoni hata siku ambazo haujafungwa."

"Na kunisingizia mimi?"

"Huyu binti wa kaunta aliniuliza mbele za watu, mbona siku hizi unajaza kila baada ya siku tatu. Ilibidi niseme kitu. Gia zilikuwa mpya. Zikanijia mdomoni."

"Zikakujia mdomoni." Hallbera aliyarudia maneno yale kama mtu anayetema mbegu. "Ungeweza kujaza upepo ukirudi. Hakuna ambaye angejua."

"Wasingejua nimepanda," Torfi alisema.

Hallbera alifumba kiganja chake cheusi. Kisha akasema: "Na siku simu italia? Siku mtu amevunjika mguu kule juu, na gari la kwanza kupanda ni lako? Utamrushia theluji ya koleo?"

Torfi aliinamisha kichwa. "Ni rahisi kwako. Wewe unayatengeneza na kubaki chini. Kule juu hujawahi kufika."

"Mimi sijasema nimefika."

Torfi alitupa soseji kwenye pipa. Akamsogelea, akashusha sauti. "Shemeji, sikiliza. Kesho kikaoni nitasimama mwenyewe. Nitasema umelitengeneza gari, ilikuwa nozeli moja, sasa linakula kumi na sita. Nitawaambia hakuna fundi kama wewe. Kazi utapata. Wewe nyamaza tu. Nakuomba kwa jina la ndugu yangu."

Katika majina yote ya dunia hii alilichagua hilo!

"Jaza upepo," Hallbera alisema, akaondoka. Torfi alichukulia kwamba wamekubaliana.

Na wangeweza kukubaliana, hiyo ndiyo kweli. Jioni nzima Hallbera alizunguka gerejini akipanga spana zilizokwisha pangwa. Kazi ingekuja. Gereji ingebaki. Alichotakiwa kukifanya ni kukaa kitini na kufunga mdomo, jambo ambalo wajinga wengi hulifanya kila siku bila taabu. Alijichukia kwa jinsi alivyolitaka.

Alhamisi, saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu kama mchana, watu kumi na mmoja walikaa kwenye banda la kikosi. Ketill alikuwa amepika kahawa, na kulikuwa na maandazi ya kusokotwa. Mwenyekiti alikuwa Oddny, daktari wa ng'ombe, mwanamke mpana mwenye sauti ya chini, ambaye Hallbera alimdharau kidogo tu. Gari jipya lilisimama katikati ya banda, dogo na la aibu kwenye tairi zake za kiwandani.

Torfi alisimama. Alisema vizuri, maana kusema hakujawahi kumshinda. Alisema alikuwa amemfikiria vibaya fundi wetu, na mwanamume wa kweli hukiri. Ilikuwa nozeli, nozeli ya tatu. Hallbera ameigundua kwa siku mbili, bila kompyuta. Gari sasa linakula kumi na sita na nusu.

"Safi," Oddny alisema. Akamgeukia Hallbera. "Ni hivyo? Nozeli ya tatu?"

Watu walitazama vikombe vyao. Hallbera alifungua mdomo kusema ndiyo. Alikuwa ameliandaa neno, liko kwenye ulimi. Lakini alikumbuka nozeli ile, jinsi ilivyotema ukungu mwembamba, safi, kazi nzuri ya mtu fulani asiyemjua. Akashindwa kuisingizia.

"Nozeli ilikuwa nzima," alisema. "Gia nzima. Breki nzima. Gari zima. Mbovu ni dereva. Amekuwa akienda mpaka kwenye mnyororo, anatoa upepo, anakunywa kahawa, anajirushia theluji ya mtaroni kwa koleo, kisha anazunguka kijijini siku tatu na tairi zimelala ili muone ametoka barafuni. Hajapanda barafuni tangu mwaka juzi. Anaogopa. Na mtu huyo anayeogopa ndiye mliyemweka gari la kwanza."

Hakuna aliyeshtuka. Hicho ndicho alichokiona kwanza, na hakukielewa. Hakuna aliyemgeukia Torfi. Ketill alimimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa tayari kimejaa.

"Tunajua," Oddny alisema.

"Mnajua nini?"

"Yote. Koleo pia. Mwanangu alimwona mwaka jana alipokuwa akitafuta kondoo." Oddny alikuwa akizungumza na meza. "Torfi hajashika gari la kwanza tangu ufa ule. Nilimweka kwenye redio, hapa chini."

Torfi bado alikuwa amesimama. "Uliniambia ni kwa sababu ya sauti yangu," alisema.

"Sauti yako ni nzuri," Oddny alisema, naye akawa mwekundu hadi masikioni.

Basi kijiji kizima kilijua. Binti wa kaunta alijua alipouliza kukoje juu. Hallbera, aliyewaona wote vipofu, ndiye peke yake aliyekuwa hajaona, miaka miwili, kwa sababu hakuwahi kumtazama Torfi kwa muda wa kutosha. Damu ilimpanda usoni.

"Mlijua," alisema, "mkaniacha nisemwe mwezi mzima?"

"Hakuna aliyeamini, Hallbera. Kazi ilikuwa yako tangu mwanzo. Leo tulikuja kunywa kahawa na kunyoosha mikono."

"Hakuna aliyeamini, na hakuna aliyefungua mdomo."

"Ulitaka tumvue nguo mzee wa watu kwa ajili ya lita tisa za dizeli?" Ketill aliuliza.

"Ndiyo," Hallbera alisema. Na alimaanisha.

Oddny alishusha pumzi. "Haya. Tupige kura tuondoke. Wanaotaka gari liende kwa Hallbera."

Hakuna mkono ulioinuka. Walikuwa wamemkasirikia, na kila mmoja alimsubiri mwenzake. Hallbera alitazama lile gari dogo, akaona kiwanda cha samaki, akaona msimamizi na koleo lake la kufungia nati. Alianza kuandaa maneno ya kuwaambia wakati wa kutoka, na yalikuwa makali, yangewatosha mpaka majira ya baridi.

Kisha mkono mmoja ukapanda upande wa nyuma, kwenye mkono wa jaketi la rangi ya machungwa.

"Gia zake hazina kasoro," Torfi alisema. Akasema tena ili wasikie. "Hazikuwahi kuwa nayo."

Hakuushusha mpaka wengine wote walipoinua mikono yao, mmoja mmoja, wakitazama kando. Hallbera alimtazama mzee yule, machozi yanamtiririka waziwazi na mkono uko juu kama wa mtoto shuleni, akatafuta ndani yake ile dharau iliyomtosha miaka yote. Akakosa hata chembe.

Kazi aliipata. Gari la kikosi alilimaliza kwa wiki tano, na hajapata kutengeneza jingine zuri kama lile. Uongo wa Torfi amekwisha kuusahau. Ule mkono, uliomwacha bila dharau, hajamsamehe hadi leo.